Beki Tuliyemwozesha Qurayyat

Ijumaa ya pili ya Januari. Asubuhi mawingu yalikuwa mazito upande wa milimani na kulinyunya kidogo, matone ya kuhesabika, yanayotosha kuchafua kioo cha gari na si zaidi. Baada ya sala ya Ijumaa upepo ulikuja ukayasukuma yote baharini. Baridi ipo. Mke wangu anavaa soksi ndani ya nyumba tangu juzi.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Katika mashindano yetu ya mitaa, mchezaji aliyebadilishwa kwenda timu nyengine anaweza kurudishwa kabla mzunguko wa kwanza haujaisha, na mzunguko umeisha leo jua lilipozama. Nisingemrudisha rafiki yangu kwenye timu yetu ya Ghubra leo, angekuwa wa timu ya Qurayyat msimu mzima, na kwa umri wake na magoti yake sidhani kama upo msimu mwengine. Hilo ndilo nililotoka nalo nyumbani. Naliweka mwanzo kabisa, maana nikisoma daftari zangu za nyuma naona mara nyingi nimeficha nilichokitaka mpaka mwisho, kisha nikajifanya nilikuwa sitaki kitu.

Mimi si mtu wa kusoma sana. Niliishia darasa la saba Unguja, nikaja Maskati kwa ami yangu, na mpaka leo nashika ghala la duka la vigae Hamriya. Kuandika nimejifunza kwa kuandika matokeo ya mpira. Mimi ndiye katibu wa benchi la Ghubra, na benchi si la wachezaji. Ni sisi watazamaji, watu wazima wenye vitambi, tunaokaa kwenye viti vya plastiki ubavuni mwa duka la dobi, ng'ambo ya uwanja. Mvuke wa pasi unatupiga mgongoni, chai ya maziwa inakuja katika vikombe vya karatasi, na sisi tunaamua mambo ya timu kuliko nahodha mwenyewe.

Timu ziko sita, zote za watu ambao nyumbani kwao panasemwa Kiswahili. Wengine wamezaliwa hapa na Unguja wameiona mara mbili tatu kwa likizo. Wengine, kama mimi, tumezaliwa kule. Wengine ni wa bara waliokuja kwa kazi. Zamani kila mchezaji mgeni alikwenda anakotaka, na wote walikuwa wanataka timu moja, kwa sababu timu ile ilikuwa inapika biriani kila baada ya mechi. Ikawa haifungiki. Wazee wakaweka utaratibu wa zamu: majina ya wageni yanaandikwa kwenye karatasi moja, timu iliyoshika mkia inachagua wa kwanza, iliyochukua kombe inachagua wa mwisho. Baada ya hapo, anayetaka kubadilishana wachezaji anakwenda kuposa.

Naam, kuposa. Nani aliyeanzisha sijui. Mwenyekiti wetu, mstaafu wa wizara, anasema ni yeye. Mzee wa Qurayyat anasema ni wao. Naandika kauli zote mbili. Watu watatu wa timu inayotaka mchezaji wanakuja kwenye benchi lenu na sahani ya halwa iliyofunikwa. Wanaulizia afya, wanaulizia mvua, hawagusi mpira hata kidogo. Kisha mkubwa wao anasema, "Tumepita tukaona ua katika bustani yenu," na nyinyi mnajibu, "Ua gani, maana bustani yetu ina miba tu." Hapo anatajwa. Benchi likikubali, mtu wa karibu na mchezaji anatumwa kama wakili akamuulize mwenyewe. Akiridhia, halwa inafunuliwa na kuliwa. Akikataa, sahani inarudi ilikotoka na kifuniko chake.

Msimu uliopita tulishika mkia. Tatizo lilikuwa goli. Aliyekuwa akisimama langoni ni muuza simu, mtu mwema sana, lakini mpira ukija anageuza uso. Kwa hiyo Oktoba, joto lilipovunjika na siku ya kuchagua ikafika, zamu ya kwanza ilikuwa yetu, na kwenye karatasi nzima hamkuwa na golikipa hata mmoja. Tulibishana juma zima. Mwishowe tukamchukua winga mmoja anayefanya kazi hotelini, ana mbio kama moto wa makuti.

Dereva wa gari la maji hakufurahi. Huyu ni mtu wa Mwanza, yeye ni wa Ghubra kuliko sisi wenyewe, na haogopi mtu.

"Suruali imechanika," alisema, "nyie mmenunua kofia."

"Kofia nzuri lakini," mwenyekiti akamwambia.

"Nzuri, mzee. Tutazikwa nayo."

Hatukukaa sana, watu wa Qurayyat wakaja na halwa. Wao walikuwa na magolikipa wawili, na mmoja, mwalimu wa shule, alikuwa anakaa nje kila wiki. Walikuwa tayari kumtoa. Ua walilolitaka ni beki yetu ya kushoto.

Beki yetu ya kushoto ndiye rafiki yangu. Tumezaliwa uchochoro mmoja na tumekuja huku mwaka mmoja. Ni fundi wa AC. Watoto wake wako Unguja, mkewe alikwishafariki, na yeye alikuwa anakaa peke yake katika chumba juu ya duka la mafeni, si mbali na ghala langu. Ameichezea Ghubra tangu nywele zetu nyeusi. Kila Ijumaa nilikuwa nampitia, na njiani tulikuwa na desturi yetu: tunautembea uchochoro wetu, mlango kwa mlango. Mimi nasema mlango wa kwanza wa fundi cherehani, wa pili wa msomesha chuo cha Kurani. Yeye anasema la, wa pili ni wa bi mkubwa wa visheti, msomesha chuo wa tatu. Tunabishana mpaka Ghubra. Hatukupata hata siku moja kuufika mwisho wa uchochoro, maana kila Ijumaa tulikuwa tunaanza upya mlangoni kwa fundi cherehani.

Watu wa Qurayyat walipokwisha kumtaja, waliondoka kidogo, kama ada inavyotaka, wakaenda kutazama uwanja. Benchi likawaka.

"Jamani, tusidanganyane," dereva alisema. "Mwaka mzima tumefungwa kama maduka saa ya sala. Golikipa huyo hapo, ameletwa na sinia. Tunangoja nini?"

"Huyu kacheza hapa kabla weye hujajua Maskati iko wapi," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo, mzee. Kacheza. Umesema mwenyewe."

"Mtu hamtoi nduguye kwa ajili ya magoti."

"Simtoi kwa ajili ya magoti. Namtoa kwa ajili ya golikipa."

"Na wao wanamtakia nini, mtu mwenye magoti hayo?"

"Wana vijana watupu kule nyuma, kila mtu anakimbia na mpira wake. Wanataka mtu mzima. Sisi watu wazima tunao mpaka kwenye viti."

Tulicheka, na mwenyekiti naye alicheka, ingawa hakupenda. Kura zikapigwa kwa mikono. Tatu huku, tatu kule. Nilibaki mimi.

Nataka kuandika sawasawa niliyoyafikiri. Nilifikiri kwamba dereva anasema kweli. Nilifikiri pia kwamba rafiki yangu akienda sitakuwa na Ijumaa. Na kwa kuwa hili la pili ndilo lililonichoma zaidi, niliona haliwezi kuwa sababu ya haki. Watu saba wamekaa pale kwa ajili ya timu, mmoja wao anataka kumzuia mtu kwa sababu ya maongezi ya ndani ya gari. Nilijiogopa. Nikasema, "Mimi naona tubadilishane."

Mwenyekiti akanigeukia. "Weye?"

"Mimi."

"Haya. Akisema hivyo huyu, nani atasema vyengine."

Nikatumwa mimi kuwa wakili, kwa kuwa hakuna aliye karibu naye zaidi. Rafiki yangu alikuwa amekaa nyuma ya gari langu, mlango wa buti uko juu, anafunga goti kwa bendeji.

"Yakhe," nikamwambia, "wamekuja watu wa Qurayyat."

"Nimewaona."

"Wamekuja na halwa."

"Nimeiona."

"Wanakutaka weye. Watatupa golikipa. Benchi limeridhia. Wasemaje?"

Hakusema kitu. Aliizungusha bendeji mpaka mwisho, akaibana, kisha akaifungua yote akaanza upya. Nilingoja, sisemi sikungoja. Alinyanyua macho akanitazama mimi, si uwanja wala wale wageni, kisha akarudi kwenye goti lake. Nikasimama hapo mpaka nikaona haya kusimama.

Niliporudi kwenye viti, wageni walikuwa wamekwisha kaa tena.

"Kasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Kanyamaza."

Mzee wa Qurayyat akapiga goti lake. "Basi. Mwari akinyamaza karidhia."

Kila mtu akacheka. Sote tumekulia hayo. Katika ndoa za dada zetu tumeona wakili anaingia nyuma ya pazia, anauliza, anatoka, anasema amenyamaza, na barazani wanasema alhamdulillahi. Mwari anaona haya, kwa hiyo kimya chake ni ndiyo yake. Mimi katika maisha yangu sikupata kuusikia mkutano ukisema, rudi kaulize vizuri. Halwa ikafunuliwa. Niliandika katika daftari la benchi: ameridhia. Nikala halwa, nikamega mara mbili. Yeye naye alikuja akawapa mkono wageni, akaonja kwa ncha ya kidole, akasema, "Tamu."

Nilimrudisha Hamriya. Njiani nilimuanzia mlango wa fundi cherehani. Akasema kichwa kinamgonga. Niliamini kuwa kichwa kinamgonga.

Tangu siku hiyo zimepita Ijumaa nyingi, na sitasema uwongo: golikipa ni mzuri. Ni mtu mpole, anavaa miwani mpaka mlangoni pa uwanja, kisha anaivua na kuokoa mipira ambayo sisi tulikuwa tumekwisha kuikubali. Sasa tuna nafasi ya pili. Kila akiokoa dereva ananigeukia na kusema, "Katibu, andika hiyo," nami naiandika. Winga naye anafunga. Kwa mizani ya mpira, kura yangu ilikuwa ya haki, na ningeulizwa mbele ya watu ningesema hivyo hivyo.

Lakini sasa nakuja Ghubra peke yangu. Naipita njia ile ile, na nikifika kwenye taa za barabarani naanza uchochoro. Fundi cherehani. Bi wa visheti, au msomesha chuo. Hapo nakwama, kwa sababu hakuna wa kuniambia nimekosea. Niliwajaribu wanangu siku moja. Binti yangu mkubwa alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Baba, yalla, sawa, lakini mlango wa pili au wa tatu, farki yake nini?" Mtu anayekumbuka peke yake hana shahidi, na mimi bila ya shahidi siijui kweli yangu na pengine yangu.

Tulikuwa tunapigiana simu. Yeye si mtu wa simu. "Upo?" "Nipo." "Magoti?" "Yapo." Nikisema nitakuja, anasema karibu. Sikwenda, na chumba chake hakiko mbali. Nilisema ghala lina kazi, na kazi ilikuwapo, lakini si kazi ya kumzuia mtu.

Ijumaa iliyopita nilivunja haya nikalisema kwenye benchi. Nilisema tumrejeshe beki yetu ya kushoto kabla mzunguko haujaisha.

Dereva aliweka kikombe chini. "Turudishe golikipa?"

"La. Golikipa abaki. Tuwape zamu yetu ya kuchagua ya msimu ujao."

Nyuma yetu pasi ya dobi ikapumua mvuke.

"Katibu," dereva alisema taratibu, "unauza mtoto ambaye hajazaliwa ili ununue babu."

Nilicheka na mimi. Ilikuwa haki yake.

"Halafu zamu yenyewe ipi?" aliendelea. "Mwaka jana tulikuwa mkia, tukachagua wa kwanza. Mwaka huu tukimaliza wa pili tunachagua wa tano. Zamu ya tano ni kufika harusini watu wanaosha masufuria. Nani atakupa mtu kwa hiyo?"

Hili sikulifikiri, nakiri. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kuwa sisi bado ni wabovu.

"Tuwape zamu mbili," mwenyekiti alisema. "Ya msimu ujao na ya msimu wa baada yake."

"Mzee na wewe?"

"Na miye. Timu isiyo na mtu wake wa zamani ni kama nyumba ya kukodi."

"Nyumba ya kukodi yenye paa, mzee. Ile yenu ya zamani ilikuwa inavuja."

Wakabishana hivyo mpaka chai ikapoa. Mmoja akasema tuwape winga. Mwenyekiti akamwambia afunge mdomo. Mwengine akasema tuwape muuza simu na tuwaongeze halwa kwa ajili ya pole. Nilidhani nimekwisha shindwa, na kwa kweli kama mimi ningekuwa dereva ningepiga kura ya hapana. Ni yeye aliyenyanyua mkono wa kwanza.

"Mpeni," alisema. "Tangu yule aondoke, katibu anaandika matokeo kwa mwandiko wa msiba. Tumeshinda tatu bila, mtu ukisoma unatafuta jina la marehemu." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini safari hii aseme kwa mdomo wake. Mambo ya kunyamaza sitaki kuyasikia. Kwetu mtu akinyamaza, ujue amekasirika."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Nilimwambia mke wangu. Yeye alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. "Mtu wa bara kaliona, weye hukuliona," akasema. "Na mie nilikwambia siku ile ile, ukanambia nakuingilia mambo ya mpira." Sikumbuki kama aliniambia. Naandika kuwa yeye anasema aliniambia.

Ada inataka watu watatu, lakini mwenyekiti alisema posa ya kurejesha ni kama mume kumrejea mkewe: huenda mwenyewe na uso wake. Kwa hiyo leo baada ya chakula cha mchana niliweka sahani ya halwa kwenye kiti cha mbele, nikaifunga mkanda, nikashika njia ya Qurayyat. Milima ilikuwa bado imelowa, ina rangi ya chuma. Nilijaribu maneno yangu njiani. Kila nilivyoyapanga yalikuwa ya katibu.

Uwanja wao uko nyuma ya soko la samaki. Mechi ilikuwa imekwisha kuanza. Sikumuona kwanza, nilimsikia. "Rudi. Rudi, mtazame mtu wako. Usimwendee, mngoje." Miaka yote Ghubra sikupata kuisikia sauti yake uwanjani. Hapa alikuwa hanyamazi. Hakimbii sana, anasimama pahala pamoja tu, anawapanga wenzake kwa mkono, na beki ya kulia, kijana mrefu wa mabega, kila mpira ukitoka anamgeukia aone kama alifanya sawa. Walitoka sare, moja kwa moja. Bao walilofungwa halikupita upande wake. Nalisema kwa sababu nililitazamia lipite.

Mzee wa Qurayyat aliiona sahani mkononi mwangu kabla ya kuniona mimi.

"Umekuja kurejea," akasema.

"Nimekuja kuuliza. Tunatoa zamu mbili."

"Zamu zenu tutazizungumza, hizo si neno. Kamuulize mwenyewe. Sisi hatukumfunga kamba."

Nilimkuta amekaa ukutani, miguu yote miwili ndani ya sanduku la samaki lililojaa barafu. Alinitazama tumbo.

"Umenenepa, yakhe."

"Na weye umekuwa na sauti."

"Hawa wasipopigiwa kelele wanalala."

Nikakaa. Barafu ilikuwa inavuja hadi kwenye viatu vyangu. Yale maneno ya katibu sikuyapata hata moja. "Nimekuja kukutaka," nikasema.

"Kwa nani?"

"Benchi limekubali."

"Sikukuuliza kama limekubali. Nnauliza nani ananitaka."

"Mimi," nikasema. "Wao wamenionea imani, wamenihurumia tu."

Alitikisa kichwa muda, anakubaliana na kitu. Kisha akasema, bila ya ukali, "Siku ile ulipokuja nyuma ya gari, nilikuwa nangoja neno hilo."

"Nilidhani umeridhia."

"Miye mwari?" Akacheka kidogo. "Ningekwambia nini? Nikatae, mkose golikipa, kisha kila nikipitwa watu saba wananitazama. Lakini weye ungesema, usende, basi ningebaki nikapitwa na raha yangu."

"Niliogopa kukupendelea."

"Nnajua. Hilo ndilo lililonikasirisha. Nimekasirika mpaka mwezi ukaandama." Akatoa mguu mmoja, akautazama, akaurudisha barafuni. "Kisha nikawa sina nafasi. Wana mashine ya barafu hapa inaharibika kila wiki, hawana fundi. Wananipa kazi. Wamenipatia na chumba. Mwisho wa mwezi huu nnahama Hamriya."

Hili sikulijua. Mimi nilikuwa nimekuja kumrudisha uwanjani tu, na kumbe ameondoka kwote.

"Basi hutorudi," nikasema.

"Sirudi." Alisema waziwazi, ananitazama, tena akaona labda ni zito, akaongeza. "Ghubra mlinipenda, sisemi hamkunipenda. Lakini kila msimu mkianza mlikuwa mnanitazama magoti. Hapa wananiuliza. Yule mrefu aliniuliza asimame wapi ikipigwa kona. Miye, yakhe, watoto wangu hawajaniuliza kitu mwaka mzima."

Sikubishana naye. Yote ni haki. Nilitaka angalau kimoja nirudi nacho, nikamuuliza mlango wa nne ulikuwa wa nani, ule baada ya msomesha chuo.

"Mlango wa nne kulikuwa hakuna mlango," akajibu hapo hapo. "Gofu tupu. Tukichezea mpira mule."

Nina hakika si kweli. Gofu lilikuwa uchochoro wa pili, nyuma ya msikiti, na mpira tulikuwa tukichezea mbele ya kisima. Zamani ningembishia mpaka Ghubra. Leo nilisema, "Pengine," na yeye akanitazama kama aliyetegemea zaidi. Nikaona nimefanya tena lile lile la nyuma ya gari, lakini wakati huo mzee wa Qurayyat alikuwa amekwisha kutufikia kwa kusikia jawabu, na jua lilikuwa limekwenda.

Rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyemwambia. Mzee hakushangilia. Aliirudisha sahani mikononi mwangu na kifuniko chake, kama ada inavyotaka, akaniambia nisalimie benchi. Rafiki yangu alitoa miguu barafuni, akatembea pekupeku mpaka sokoni, akarudi na nguru mkubwa aliyefungwa kwenye mfuko, akamtia barafu ile ile aliyokuwa anakandia miguu. Nilisema jambo juu ya hiyo barafu. Akasema nimwambie shemeji aoshe.

Mlangoni mwa gari nilimwambia nitakuja Ijumaa ijayo. Akasema, "Ijumaa ijayo nyinyi mna mechi Ghubra. Katibu ni weye." Nikasema nitakuja siku nyengine. Akasema karibu. Sijui kama nitakwenda. Naandika kuwa nimesema.

Njia nzima sikuwasha redio. Nilijaribu kuuona uchochoro na gofu pale alipoliweka yeye, mlango wa nne. Unakaa vizuri, ndiyo tabu yake. Ukimaliza msomesha chuo unaingia kwenye gofu bila ya kujikwaa, na sasa siwezi kusema kwa kiapo kuwa hapakuwa hivyo.

Nyumbani mke wangu aliona sahani bado imefunikwa. Watoto waliitaka halwa, akawaambia ni amana ya benchi, akaipandisha juu ya friji. Nguru alimuosha mara tatu, mimi nimesimama karibu. Nilipomhadithia yote alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemwambia kuwa unamtaka?" Nikasema nimemwambia. "Basi," akasema, na akaendelea kukata.

Tumekula wali wa nazi na huyo nguru, vipande vya mgongoni vya kukaanga, vya tumboni vya mchuzi wa ndimu kavu, na mchicha uliobaki jana. Alikuwa na mafuta mazuri. Sote tumeongeza, na mimi nimeongeza mara mbili. Kichwa kimewekwa kwa supu ya kesho.